Maisha ya Wifredo Lam, muchora tablo mwenye alirudi kwao kama mukimbizi



Katika kurasa hizi tumezoea kueleza maisha ya watu wa zamani wenye walifanya kazi kubwa. Leo tumechagua muchora tablo. Jina lake ni Wifredo Lam, mutu wa inchi ya Kuba, mwenye alikufa kule Paris mwaka 1982. Pengine wengi wenu hamujasikia jina lake hata siku moja. Lakini sisi tuko na sababu mbili za kumuchagua.

Sababu ya kwanza: mama ya mama yake alikuwa mutu wa Congo, mwenye alikuwa mutumwa kule Kuba mpaka akapata uhuru. Kwa hiyo, tukieleza habari za Lam, tunaeleza pia habari za damu yetu yenye ilivushwa bahari bila kupenda.

Sababu ya pili: kila mwaka, wakubwa wetu wa kalasi ya sita wanamaliza masomo, na kila mumoja anawaza kuondoka. Tunaulizana: mutu akienda inchi ya mbali kutafuta akili na jina, anabaki yeye mwenyewe ao anakuwa mutu mwingine? Maisha ya Lam yanatusaidia kufikiri ulizo hilo, sababu yeye aliishi ugenini miaka mingi sana, na jina lake kubwa alilipata kule ugenini. Tuone sasa namna gani mambo yalipita.

1. Utoto wake

Lam alizaliwa tarehe 8 mwezi wa 12, mwaka 1902, katika muji wa Sagua la Grande. Kuba ni kisiwa kikubwa cha bahari ya Karaibi, na fasi ile alizaliwa ilikuwa inchi ya mashamba ya miwa. Mali yote ilitoka katika sukari. Kwa miaka mingi wenye kukata miwa walikuwa Waafrika, wenye kuletwa ndani ya mabato na kuuzwa kama mbuzi. Utumwa uliondolewa kule Kuba katika mwaka 1886 tu. Ni kusema, wakati Lam alizaliwa, ilikuwa imepita miaka 16, na wazee wa mutaa wao walikuwa bado wanakumbuka fimbo.

Baba yake, Lam-Yam, alikuwa Muchina kutoka upande wa Canton. Wachina wengi waliletwa Kuba kutoka mwaka 1847 kufanya kazi ya mashamba, na maisha yao hayakuwa mbali na ya watumwa. Lam-Yam yeye alijua kuandika, na watu wasiojua kuandika walikuja kwake ili awaandikie barua. Wakati Wifredo alizaliwa, baba alikuwa amekwisha kupita miaka 80. Mama yake, Ana Serafina Castilla, alikuwa na damu ya Afrika na damu ya Hispania. Wifredo alikuwa mutoto wa nane, kitinda mimba.

Jina lake la kwanza lilikuwa Wilfredo. Kiisha, katika karatasi za serikali, herufi moja ikasahauliwa, naye akaacha vile. Ndiyo maana tunaandika Wifredo.

Kulikuwa pia mama yake wa ubatizo, Mantonica Wilson. Huyu mama alikuwa muganga mwenye kuheshimiwa sana, na mukubwa wa ibada yenye wanaita Santería. Katika ibada ile, wana wa Wayoruba wenye walipelekwa utumwani waliendelea kuabudu miungu ya babu zao chini ya majina ya watakatifu wa Kikatolika. Mantonica alitamani Wifredo amufuate katika kazi yake. Kijana hakukubali, na hakuingizwa kamwe katika ibada hiyo. Sisi hatuandiki haya ili kusifu ibada ile. Tunayaandika sababu vitu mutoto aliona katika nyumba ya mama huyu vilibaki katika macho yake, na nyuma ya miaka 30 na zaidi vilitokea katika tablo.

2. Miaka 15 kule Hispania

Mwaka 1916 Lam alihamia muji mukubwa wa Havana. Jamaa yake walitaka asome sheria, lakini yeye aliingia masomo ya uchoraji ya San Alejandro. Katika mwaka 1923, wakubwa wa muji wake wa kuzaliwa wakamupa burse kidogo, naye akapanda bato kwenda Madrid. Alikuwa hajatimiza miaka 21. Alifikiri atakaa muda kidogo tu. Alikaa Hispania miaka 15.

Mwalimu wake kule Madrid alikuwa Fernando Álvarez de Sotomayor, mukubwa wa nyumba ya makumbusho ya Prado. Huyu ndiye pia alimufundisha Salvador Dalí. Lam alitembelea Prado mara nyingi, akitazama kazi za Goya na za wachoraji wa zamani wa upande wa Flandre, kama Bosch na Bruegel. Mukono wake ukazoea. Alijua kuchora uso wa mutu sawasawa vile ulivyo, na kwa kazi hiyo alipata chakula: watajiri walimulipa ili awachore. Alikaa pia upande wa Cuenca na kuchora wakulima masikini.

Lakini tukitazama tablo zake za miaka ile, tunaona jambo moja. Ni kazi nzuri, hakuna mwenye atakataa. Ila Muhispania yeyote mwenye kusoma vizuri angeweza kuzichora. Mutoto wa Sagua la Grande hayuko ndani.

Kisha mateso yakamupata. Mwaka 1929 alioa bibi mumoja wa Hispania, Eva Piriz, wakazaa mutoto mwanaume. Mwaka 1931 mama na mutoto wote wawili wakafa na kifua kikuu. Lam akabaki peke yake, mbali na mama yake mwenyewe na ndugu zake.

Mwaka 1936 vita ya wenyewe kwa wenyewe ikaanza kule Hispania. Lam akasimama upande wa Republika, kupinga majeshi ya Franco. Alichora mabango ya vita, kisha akafanya kazi katika kiwanda cha baruti. Zile dawa zikamuharibu, akapelekwa katika nyumba ya wagonjwa ya Caldes de Montbui, karibu na Barcelona. Kule akakutana na fundi wa kuchonga sanamu, Manolo Hugué, mwenye alikuwa rafiki wa Picasso tangu zamani. Manolo akamuandikia barua ya kumujulisha kwa Picasso. Katika mwaka 1938 Lam akavuka mupaka na kufika Paris, na hiyo barua ndani ya mufuko.

3. Paris: anakutana na Afrika ndani ya kabati ya kioo

Picasso alimupita Lam miaka 21, na jina lake lilikuwa limejaa dunia. Alimupokea Lam kama ndugu mudogo. Akamupeleka kwa wachoraji wengine, kama Braque, Léger, Matisse na Miró, na kwa Pierre Loeb, mwenye kuwa na nyumba ya kuonyesha na kuuza tablo. Katika mwaka 1939 Loeb akafanya maonyesho ya kazi za Lam. Mwaka uleule, kule New York, kazi zake zikatundikwa pamoja na za Picasso katika nyumba ya Perls.

Jambo lingine lilitokea Paris, na sisi tunaona kwamba ndilo kubwa kuliko yote. Picasso alikuwa na sanamu na sura za Afrika katika nyumba yake, na Lam alizitazama sana. Tena, muandishi Michel Leiris, mwenye alikuwa anafanya kazi katika Musée de l'Homme, alimupeleka kuona vitu vya Afrika vyenye viliwekwa pale. Muvitazame pamoja nasi: mutu mwenye nyanya yake alitoka Congo, mutu mwenye alilelewa na mama wa ibada ya Kiyoruba, anavuka bahari, anakaa Ulaya miaka 15, na ni Paris ndiko sanamu za Afrika zinamushika kwa nguvu, ndani ya kabati ya kioo. Sanamu nyingi za namna ile ziliondolewa kwao wakati wa ukoloni. Zilikuwa ugenini kama yeye.

Kutoka hapo uchoraji wake ukageuka. Nyuso zikawa kama sura za kuchongwa, na miili ikawa na mistari migumu. Lakini hatari moja ikaingia pamoja na hiyo faida. Watu wakaanza kumuita muwanafunzi wa Picasso. Ni kweli kwamba Picasso alimusaidia sana. Lakini ile sifa ilikuwa kama koti la kuazima: lilimupa joto, na kila mutu aliona kwamba si lake.

4. Marseille: Wasurealisti

Mwezi wa 6 mwaka 1940, majeshi ya Wajerumani wakaingia Paris. Lam akaacha kazi zake kwa Picasso, akakimbia kuelekea kusini mpaka Marseille, muji wa bandari. Helena Holzer, bibi wa Kijerumani mwenye alikutana naye Barcelona, alikuwa pamoja naye. Wakimbizi maelfu walijaa pale wakitafuta visa na bato.

Katika Marseille kulikuwa Mumarekani mumoja, Varian Fry, mwenye kutumwa na kamati ya kuokoa waandishi na wachoraji. Wengi kati yao walikusanyika katika nyumba yenye jina la Villa Air-Bel. Mukubwa wao alikuwa André Breton, mwenye alianzisha chama cha Wasurealisti kule Paris katika mwaka 1924. Tueleze kidogo. Wasurealisti walisema kwamba akili ya mutu si ile tu yenye inahesabu na kupanga. Kuna pia ndoto, na mawazo yenye kutokea bila kuitwa, na mutu wa sanaa anapashwa kuyaacha yatoke bila kuyazuia. Walipenda kuchora pamoja kama muchezo: mumoja anaanza kichwa, mwingine anaendelea na mwili bila kuona. Walichora hata karata mupya za kuchezea, sababu siku zilikuwa ndefu na visa hazikuja.

Kwa Lam ulikuwa wakati wa kufunguliwa. Alijaza madaftari kwa wino: mutu mwenye kuota majani, mwanamuke mwenye kichwa cha farasi, nyota, ndege, pembe. Breton akamuomba achore picha za shairi lake refu, "Fata Morgana". Serikali ya Vichy ikakataza kitabu kisitoke. Lakini mistari ile ya wino haikuwa tena ya Picasso. Ilikuwa mwanzo wa Lam mwenyewe.

Mwezi wa 3 mwaka 1941, bato "Capitaine Paul-Lemerle" likaondoka Marseille. Ndani yake mulikuwa zaidi ya watu 300 wenye kusongana vibaya. Pamoja na Lam na Helena mulikuwa Breton na jamaa yake, muandishi Victor Serge, muandishi Anna Seghers, na Claude Lévi-Strauss, mwenye alikuja kujulikana sana kwa kuchunguza desturi za makabila. Walipofika kisiwa cha Martinique, askari wa Vichy wakawafungia ndani ya kambi ya Lazaret, mahali pa kuwekea wagonjwa zamani.

Hata hivyo, pale Martinique Lam alikutana na mwalimu mumoja kijana mweusi, Aimé Césaire, muandishi wa mashairi. Hawa wawili wakawa marafiki mpaka kifo. Césaire alikuwa amerudi kutoka masomo Ufaransa mwaka 1939, na alikuwa anaandika bila haya juu ya kisiwa chake masikini na juu ya heshima ya mutu mweusi. Lam alikuwa anaelekea kwao kwa njia iyo hiyo, ila kwa brosi pahali pa kalamu.

5. Kurudi nyumbani bila kupenda

Mwaka 1941, nyuma ya kupitia Republika ya Dominika, Lam akashuka Havana. Ilikuwa imepita miaka 18. Ndugu, tuangalie jambo hili vizuri. Watu wenye kukimbia wanaacha kwao na kwenda ugenini. Lam alikimbia, na bato lake likamurudisha kwao. Hakuchagua kurudi. Alikosa fasi ingine. Alifika bila mali, na tablo zake zilibaki nyuma ng'ambo ya bahari.

Mambo aliyoyaona yalimuumiza. Watu weusi walikuwa bado chini, kazi yao ilikuwa ileile ya zamani. Hata desturi zao, na ngoma zao, zilikuwa zimefanywa muchezo wa kuuzia watalii wa Marekani katika vyumba vya kulewea. Alieleza baadaye kwamba alikataa kabisa kuchora vitu vya kufurahisha wageni wa namna ile. Alitaka kuchora mateso ya inchi yake na roho ya watu wake.

Sasa macho yenye yalifundishwa Madrid, Paris na Marseille yalitazama tena mashamba ya miwa. Vitu ambavyo kijana wa miaka 20 aliviona kila siku bila kuvijali, mutu wa miaka 38 aliviona kama mara ya kwanza. Hakuvijua tena kwa mazoea, basi alilazimika kuviuliza. Lydia Cabrera, bibi mwenye alichunguza na kuandika desturi za Waafrika wa Kuba, alimuongoza, na pamoja naye na muandishi Alejo Carpentier alienda kuona sherehe za ibada. Cabrera alitafsiri pia shairi refu la Césaire katika luga ya Kihispania. Likatolewa Havana mwaka 1943 pamoja na picha za Lam.

Tablo moja ya mwaka ule wa 1943 inaitwa kwa jina lenye linatuhusu sisi: "Malembo". Malembo ilikuwa bandari ya zamani, kaskazini ya mudomo wa mutu wetu wa maji, mutoni Congo. Pale watumwa wengi walipakiwa kwenda Amerika. Jina lile lilivuka pamoja nao, na mutoto wa watoto wao akaliweka juu ya tablo.

6. Tablo ya Pori

Kazi yenye ilimupa Lam jina kupita zote ni "La Jungla", ni kusema Pori. Aliimaliza katika mwaka 1943. Ni kubwa: karibu metre 2,40 kwenda juu na metre 2,30 upande kwa upande. Aliichora juu ya karatasi, kisha karatasi ikabandikwa juu ya kitambaa.

Mbele ya macho kuna watu wanne, ao tuseme viumbe vinne, wamesongana kabisa. Nyuso zao ni kama sura za kuchongwa za Afrika, na moja inafanana na mwezi. Miguu yao ni mirefu na myembamba kama miwa, lakini nyayo ni kubwa sana, za mutu mwenye alitembea maisha yake yote bila viatu. Nyuma yao miwa imesimama kama ukuta, na majani makubwa kama ya tumbaku yanaingia kati ya mikono. Huwezi kujua vizuri wapi mutu anamalizika na wapi muti unaanza. Juu, upande wa kuume, mukono mumoja unashika makasi.

Sasa, mwenye akili atauliza: juu ya nini anaita Pori? Muwa hauoti porini. Muwa unapandwa na mutu, unakatwa na mutu, na sukari yake inauzwa na mutu mwingine. Mugeni akitazama atafikiri ameona Afrika ya hadisi, na mizimu na giza. Lakini Lam alichora shamba. Alichora fasi ya kazi ya utumwa, na watu wake wamesimama ndani, wanatazama mwenye kuwatazama. Makasi ni ya kukata, lakini hatuambiwi itakatwa nini.

Hapa tunaona vile ugenini ulivyogeuza kazi yake. Mistari ya Picasso iko ndani, wala hakuificha. Ndoto za Wasurealisti ziko ndani. Lakini kwa Wasurealisti wengi ajabu ilikuwa kitu cha kutafuta katika usingizi. Kwa Lam ajabu ilikuwa katika nyumba ya Mantonica na katika mashamba ya Sagua. Alichukua vyombo kwa watu wa mbali, akalima shamba la kwao.

7. Jina kubwa, na fasi ya makoti

Mwaka 1944 ile tablo ikaonyeshwa New York, katika nyumba ya Pierre Matisse, mutoto wa muchoraji Henri Matisse. Ilileta kelele. Wengine walishangaa, wengine walichukizwa. Mwaka 1945 ikanunuliwa na nyumba ya makumbusho ya Museum of Modern Art, yenye wanaita MoMA, moja ya nyumba kubwa zaidi za sanaa ya siku hizi. Kule Havana, maonyesho yake katika nyumba ya Lyceum yalikuja katika mwaka 1946. Muone utaratibu wa mambo: New York walikuwa wamekwisha kuinunua kazi yake kubwa mbele ya muji wake kuja kumuona vizuri. Tena, wakati MoMA ilipanga maonyesho ya wachoraji wa Kuba katika mwaka 1944, Lam alikataa kuwa ndani yake.

Lakini kupata jina ugenini haitoshi. Inafaa kuuliza jina lile liliwekwa fasi gani. Kwa miaka mingi "La Jungla" ilitundikwa kule MoMA karibu na mulango, kandokando ya chumba chenye watu wanaacha makoti yao, wakati kazi za Picasso na za wenzake wa Ulaya zilikuwa ndani, katika vyumba vya heshima. Watu mamilioni walipita mbele yake wakivua koti ao wakitafuta karatasi ya koti. Katika mwaka 1988, muandishi wa Marekani John Yau akaandika kulaumu jambo hili. Alionyesha kwamba fasi ya tablo inasema kitu: kwamba Lam alipokewa, lakini alipokewa kama mugeni wa mulangoni, mutu wa kufuata nyuma ya wazungu.

Wengine walimusifu juu ya Picasso, wengine juu ya Breton, wengine juu ya kuwa mutu wa mbali mwenye damu ya watu wa namna nyingi. Sifa hizi zilimusaidia kuuza kazi na kula. Lakini kila moja ilimukata kipande. Ugenini ulimupa Lam masikio ya dunia, na kwa miaka mingi masikio yale yalisikia nusu ya maneno yake.

8. Safari zingine na mwisho wake

Mwaka 1945 alienda Haiti pamoja na mazungumzo na Breton na daktari Pierre Mabille, na pale aliona ibada za vodou. Katika mwaka 1946 alirudi Paris kwa kupitia New York. Kwa miaka ile alikuwa kama ndege: Havana, New York, Paris. Ndoa yake na Helena ikavunjika. Mwaka 1952, mwaka uleule Batista alinyanganya utawala wa Kuba, Lam akachagua kukaa Paris.

Basi tuseme kweli: hakukaa kwao. Alirudi mukimbizi, akakuta kazi yake, kisha akaondoka tena. Lakini tablo za nyuma zilikuwa daima za mashamba yale na viumbe vile. Rangi ziligeuka: pahali pa kijani na manjano yenye kujaa, kukaja kahawia, kijivu na weusi, na viumbe vyembamba vyenye pembe kali kama mikuki. Mwaka 1954, muchoraji wa Danemark, Asger Jorn, alimuita Albissola, muji wa wafinyanzi kule Italia. Lam akajenga nyumba ya kazi pale, na akafanya vyungu na sahani nyingi. Katika mwaka 1960 alioa Lou Laurin, muchoraji wa Sweden, wakazaa watoto watatu wanaume. Mwaka 1964 alipata zawadi ya kimataifa ya Guggenheim.

Nyuma ya mapinduzi ya Kuba ya mwaka 1959, alirudi mara nyingi kutembelea inchi yake. Katika mwaka 1965 na 1966 alichora tablo kubwa, "El Tercer Mundo", ni kusema Dunia ya Tatu, kwa ajili ya nyumba ya raisi. Mwaka 1967 alisaidia kuleta Havana maonyesho ya Salon de Mai ya Paris, na wachoraji wengi wa Ulaya wakaja kuchora ukuta mumoja pamoja na wa Kuba. Wakati huu aliupeleka ugenini wenyewe nyumbani kwao.

Mwaka 1978 ugonjwa wa kupooza ulimushika, akakaa katika kiti cha magurudumu. Hata hivyo aliendelea kuchora. Alikufa Paris tarehe 11 mwezi wa 9, mwaka 1982, akiwa na miaka 79. Majivu yake yalirudishwa Havana, na serikali ikamuzika kwa heshima. Safari hii hakuna vita yenye ilimurudisha.

Mwaka 1983 wakafungua Havana nyumba ya sanaa yenye jina lake. Kutoka mwaka 1984 nyumba ile ikaanza kuita maonyesho makubwa, kwanza kwa wachoraji wa Amerika ya Kusini na Karaibi, na katika mwaka 1986 hata kwa wale wa Afrika na Asia. Ni kusema, watu wenye walikuwa wanangoja Paris ao New York wawaone, walianza kuonana wao kwa wao. Baadaye miji mikubwa ikamutazama tena: Paris katika mwaka 2015, Madrid na London katika mwaka 2016. Mwezi wa 11 mwaka 2025, ile MoMA ya makoti ikafungua maonyesho makubwa ya maisha yake yote, miaka 80 nyuma ya kununua "La Jungla".

9. Tunajifunza nini?

Kuna wenye kusema kwamba mutu akitaka kubaki mwana wa kwao asiondoke. Kama Lam hangeondoka Sagua, pengine angechora nyuso za watajiri wa sukari mpaka uzee. Kuna wenye kusema kwamba akili yote iko Ulaya. Lakini miaka 15 ya Hispania, pamoja na walimu wazuri na Prado, haikumupa tablo hata moja yenye dunia inaikumbuka kama ile aliichora nyuma ya kurudi, karibu na miwa.

Tena tunajifunza kuangalia jina kubwa kwa macho makali. Mutu anaweza kuitwa ndani ya nyumba ya wakubwa na kuwekwa karibu na makoti. Lam alijua hayo, naye hakuacha kazi, na hakubadilisha viumbe vyake ili viwapendeze wenye nyumba.

Kati yenu kuna wenye kuchora kwa makaa juu ya ukuta, na wenye kujaza pembeni ya madaftari wakati wa somo la hesabu. Tunawaomba: mutuletee picha moja ya kitu chenye munapita karibu yake kila siku. Tutazitundika ndani ya kalasi, katikati ya ukuta.